Sindano Haichagui Mkono

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

  Mpenzi msomaji, nina jambo.

Kila mwaka kurasa hizi hujaa hoja nzito nzito: dawa za kulevya, mimba za mapema, ukataji wa miti, udanganyifu katika mitihani. Ni hoja nzuri, nami sizipingi. Lakini leo nimekuja na hoja ambayo huenda ukaicheka. Nataka tuzungumze juu ya mkoba. Si mkoba wa mgongoni, bali mkoba wa kushonwa unaokaa ndani ya fremu ya baiskeli, katika ile pembetatu iliyo chini ya kiti na usukani. Cheka, ruhusa unayo, lakini usifunue ukurasa kabla hujanisikiliza.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usinitafute kati ya mistari. Nasema hivi: kila mwanafunzi anayekuja shuleni kwa baiskeli ajifunze kujishonea mkoba wa fremu kwa mikono yake mwenyewe, awe mvulana au msichana. Na chama chetu kiiombe shule itufungulie zile cherehani zilizofunikwa magunia kule stoo.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nyumbani kwetu ni Sagalla ya chini, upande wa nyika, kama kilomita tisa kutoka hapa shuleni. Wenzangu mnaolala bwenini mkiamshwa na kengele, jueni kuwa kuna sisi ambao kengele yetu ni ndovu. Ndovu wa Tsavo hutoka usiku, hupita mashambani, na alfajiri bado huwa wako njiani wakirudi mbugani. Ndiyo sababu baadhi ya majirani zetu wamezungusha mashamba yao mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya, kwa kuwa ndovu huwaogopa nyuki. Mwanafunzi hana mzinga wa kutembea nao. Anayethamini roho yake husubiri mwanga utandae kabla ya kutoka. Na mwanga ukishatandaa, kilomita tisa kwa miguu ni kuchelewa, hakuna mjadala.

Kwa hiyo tegemeo letu ni baiskeli, ile nyeusi ya chuma ambayo watu huiita Black Mamba, aliyoniachia babu. Kila asubuhi mimi hukanyaga pedali na mdogo wangu wa kike, aliye katika shule ya msingi iliyo njiani, hukaa kwenye keria. Sasa jiulize: ikiwa keria imekaliwa na mtu, na mgongo wangu ndio anaoushikilia asianguke, vitabu vitakaa wapi? Jibu langu lilikuwa jibu la kila mtu: nilivitundika kwenye usukani.

Siku moja ya Jumanne, muhula wa pili, tulikuwa tumeingia ukingo wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Wanaoijua barabara ile wanajua trela zinavyofuatana kama siafu. Begi lilikuwa limejaa, na kila nilipokanyaga lilikuwa likiyumba huku na huku kama kengele ya ng'ombe. Mara mkanda wake ukaingia katika spoksi za gurudumu la mbele. Gurudumu likakwama pale pale. Mimi nikaruka juu ya usukani, mdogo wangu akarushwa upande wa lami. Trela iliyokuwa ikitoka Mombasa ilipiga honi iliyonipasua masikio, ikapita karibu mno. Nilipoinua kichwa nilimwona mtoto ameketi kando ya mstari mweupe, ameshika mkono wake wa kushoto, halii. Kutolia kwake ndiko kulikoniogopesha.

Mkono ulikuwa umevunjika. Alifungwa plasta wiki sita. Vitabu vyangu viwili vilikanyagwa na magari hadi vikawa kama chapati. Lakini vitabu hununuliwa.

Jioni ile mama hakunichapa wala hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Baiskeli hiyo isitoke tena hapa. Mimi sitazika mtoto kwa sababu ya vitabu." Nikanyamaza. Ungejibu nini?

Wiki tatu nilitembea kwa miguu. Wiki tatu nilifika kipindi cha pili kikiwa katikati. Walimu waliniuliza, nikaeleza, wakanihurumia, lakini huruma haifundishi kemia. Mama alianza kusema labda nihamie kwa shangazi mjini, na shangazi ana chumba kimoja na watoto wanne. Hivyo ndivyo jambo dogo kama mahali pa kuweka begi lilivyokaribia kuniondoa katika masomo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu ulikuwa na upana wa mkanda wa begi.

Ijumaa moja, nikitembea kurudi nyumbani, nilimwona mzee mmoja pale trela zinapoegeshwa. Alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu, anashona turubai la lori lililochanika. Sindano yake ilikuwa ndefu kama kidole, uzi wake mnene, na kiganjani alivaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano. Nilisimama nikatazama hadi akainua macho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

"Hapana mzee. Natazama tu. Hilo turubai likishashonwa, mvua haipiti?"

Akacheka. "Mvua ya wapi, ya Voi hii? Vumbi ndilo adui. Lakini hata mvua haipiti, ukijua kuweka mshono."

Nikamweleza shida yangu yote. Alisikiliza bila kuacha kushona. Mwishowe akavuta kipande kilichokuwa miguuni pake, kama mita moja hivi, akaniambia, "Lete shilingi mia. Na urudi kesho na kipimo cha baiskeli yako, usije na maneno."

Hapo ndipo nilipojua kuwa fundi hataki maneno, anataka kipimo. Nami nitakueleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, maana hoja bila maelezo ni kelele.

Kwanza nilichukua karatasi ngumu ya mfuko wa saruji, nikaisimamisha nyuma ya fremu, nikachora kwa kalamu kufuata paipu tatu: ya juu, ya chini na ya kiti. Utagundua jambo ambalo macho hayalioni upesi, kwamba ile si pembetatu kamili. Pale mbele penye usukani pana upande wa nne mfupi. Ukikata pembetatu tupu, kona ya mbele itakunjamana. Halafu nilipunguza sentimita moja kila upande ili mkoba usikwaruze paipu, kisha nikaongeza sentimita moja na nusu ya kukunjia mshono.

Pili ni unene, na hapa ndipo wengi hukosea. Mkoba wangu wa kwanza niliutia unene wa sentimita 11, kwa tamaa ya kubeba vingi. Nilipopanda, magoti yote mawili yakawa yanausugua kila ninapozungusha pedali. Nilifika nikiwa natembea kama bata. Nikaufumua. Sentimita sita zinatosha. Walimu wa hisabati mtafurahi: chukua msingi wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 40, eneo ni sentimita mraba 1,000. Zidisha kwa unene wa 6, unapata sentimita za ujazo 6,000, yaani lita sita. Si nyingi, lakini zinameza vitabu vitatu vya kiada, madaftari, pampu ndogo, viraka vya panchari na chupa ya maji. Na kwa njia zetu zenye mbigili, mtu asiyebeba viraka ni mtu anayependa kutembea.

Tatu ni mshono. Mzee alinifundisha mshono wa sindano mbili kwa uzi mmoja. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia, nyingine kushoto. Cherehani hushona upesi, ila nyuzi zake mbili, ya juu na ya chini, hushikana katikati ya kitambaa. Uzi wa upande mmoja ukikatika, mshono huweza kuanza kufumuka ukiuvuta. Ule wa mkono ukikatika mahali pamoja, uzi wa pili bado umeshika. Kwa hiyo mimi hupitisha cherehani pale pasipo na uzito, na mahali pa kushonea mikanda hurudia kwa mkono.

Nne ni uzi wenyewe. Usitumie uzi wa pamba. Jua na jasho huuozesha, na siku moja utaona mkoba umefunguka kama mdomo wa kiboko. Tumia wa nailoni au poliesta. Vivyo hivyo usidanganywe na lile gunia jeupe la plastiki iliyofumwa la kubebea mahindi. Ni jepesi, lina nguvu, lakini likikaa juani miezi michache huanza kupukutika vipande vipande. Nilijaribu pia kuufunga mkoba kwenye fremu kwa kamba ya katani, kwa kuwa sisi watu wa Mwatate na Voi tumezungukwa na mashamba ya katani. Kamba ilikaza vizuri ilipolowa, ilipokauka ikalegea, na mkoba ukaanza kucheza ngoma. Katani ina kazi zake, lakini hii siyo.

Tano ni mikanda. Nilitumia mkanda wa usalama wa gari bovu, niliopewa bure kwa fundi wa magari. Mitatu paipu ya juu, miwili paipu ya chini, mmoja paipu ya kiti. Kwenye ncha nikashona ile mikanda ya kunasana ya velkro. Velkro yenyewe ilibuniwa na Mswisi George de Mestral baada ya kuona jinsi mbegu za magugu zilivyonasa kwenye nguo zake na manyoya ya mbwa wake, mwaka 1941. Sisi mbegu za namna hiyo hutunasa kwenye soksi kila siku, na kazi yetu ni kuzitukana tu!

Mwisho ni zipu. Niliing'oa kwenye jaketi la mitumba lililochakaa. Nikaishona upande wa kulia karibu na juu, kisha juu yake nikaweka kilimi cha turubai kinachoifunika. Zipu isiyofunikwa, kwa vumbi hili letu jekundu, haimalizi muhula.

Gharama? Turubai shilingi 100, zipu 50, uzi 40, sindano 20, velkro 60. Jumla shilingi 270.

Nilipomaliza nilimwita mama. Nikajaza mkoba vitabu, nikafunga. Mama akashika usukani akautikisa kwa nguvu kama anayepepeta mahindi. Mkoba haukucheza. Akamkalisha mtoto kwenye keria, akasukuma baiskeli mwenyewe uwanjani mara mbili. Kisha akasema, "Haya. Lakini kwenye barabara kuu mtoto atashuka, mtatembea." Sharti hilo tumelishika mpaka leo. Na ninakiri, mama ana haki: mkoba hauondoi trela barabarani. Unaondoa kosa moja tu, lakini ndilo lililotuangusha.

Sababu yake ni ya fizikia wala si uganga. Mzigo ukitundikwa kwenye usukani, kila ukikata kona unazungusha na mzigo, nao ukianza kuyumba unakuvuta. Mzigo mzito mgongoni nao huinua uzito juu, na mgongo hulowa jasho kama umetoka mtoni. Mzigo ulio ndani ya fremu uko chini, uko katikati ya magurudumu mawili, na haugeuki na usukani. Mnaosoma vitovu vya uzito kwenye kitabu, nendeni uwanjani mkajionee.

Wala hili si jambo jipya lililozuka juzi. Mwaka 1897, askari weusi 20 wa Kikosi cha 25 cha jeshi la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula, Montana, hadi St. Louis, Missouri, kama kilomita 3,000, kwa siku 41. Sehemu ya mizigo yao waliifunga papo hapo ndani ya fremu. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa bado inasukumwa kutoka Mombasa kuja nyika zetu hizi, na mwaka uliofuata simba wa Tsavo wakawatafuna wajenzi wake. Kwa hiyo mkoba wa fremu una umri unaokaribia kulingana na mji wetu.

Najua sasa baadhi yenu mmekunja uso. Hebu tuyajibu mapingamizi, moja baada ya jingine.

Wa kwanza husema, "Kushona ni kazi ya wasichana." Siku nilipoleta mkoba wangu shuleni, kijana mmoja wa darasa letu aliuita tandiko la punda. Mwingine akaniuliza eti lini nitaanza kushona rinda. Nilicheka nao, lakini nilijiuliza: mafundi cherehani wangapi wamejaa barazani hapa mjini Voi, na wangapi kati yao ni wanaume wenye ndevu? Mzee wa turubai naye je, ni msichana? Na tukirudi nyuma zaidi, pwani yetu hii ilikuwa na jahazi lililoitwa mtepe. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka uliosukwa. Chombo kizima kilishonwa, kikabeba watu na shehena baharini! Kama wanaume wa Lamu walishona merikebu bila haya, wewe unaonea haya zipu? Sindano haichagui mkono, ni mkono unaoikimbia sindano.

Na kwa upande wa pili, Mgala muue na haki umpe. Kina mama wetu wa Kasigau husuka vikapu vya katani ambavyo huuzwa hadi ng'ambo. Pale Rukinga karibu na Maungu, kiwanda cha Wildlife Works kimeshona nguo zikapelekwa nje ya nchi. Ujuzi umo humu humu Taita Taveta. Kinachokosekana ni sisi vijana kuunyooshea mkono.

Wa pili husema, "Si ununue tu?" Sawa, mwenye nazo anunue. Mikoba ya fremu ya kiwandani ipo, mizuri, na bei yake inashinda vile vile. Lakini tazama kinyume cha mambo. Mwaka 1993 huko Zurich, Uswisi, ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza kushona mabegi kwa maturubai makuukuu ya malori, mikanda ya usalama ya magari na tyubu za baiskeli. Leo mabegi hayo huuzwa nchi nyingi kwa bei ya juu. Soma tena orodha hiyo ya malighafi, mpenzi msomaji: turubai, mkanda wa gari, tyubu. Kuna kitu gani hapo ambacho hakijatupwa kando ya barabara yetu kutoka Maungu mpaka Mtito Andei? Sisi tunayachoma, moshi mweusi unatuingia, kisha tunaweka akiba tununue begi la plastiki litakalopasuka kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula.

Tena tukumbuke kuwa tarehe 28 Agosti 2017 nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Wakubwa wetu husimulia jinsi majuala yalivyokuwa yakipepea kwenye miiba ya mbuga kama bendera. Sheria imeyaondoa mengi, lakini sheria haishoni mfuko wa badala. Hiyo ni kazi yetu.

Wa tatu, na huyu namheshimu, husema, "Mpe fundi akushonee, naye apate riziki." Hoja hii ina uzito. Sitaki mtu aache kumpelekea fundi kazi. Mimi mwenyewe zipu ya pili nilimpelekea fundi cherehani kwa kuwa yangu niliishona ikapinda kama mto. Lakini nilipokwenda kwake nilijua la kumwambia: weka kilimi hapa, rudia mshono pale, acha nafasi ya goti. Mwezi mmoja kabla ningemwambia "nishonee begi," angenishonea begi, nami ningerudi na magoti yaliyochubuka nikimlaumu. Aliyewahi kushona humheshimu fundi zaidi, maana anajua jasho lake. Na mshono ukiachia njiani saa kumi na mbili jioni, karibu na mapito ya ndovu, fundi atakuwa wapi?

Wa nne ni mwalimu wangu mpendwa anayesema, "Shona ukimaliza mtihani." Mwalimu, nisamehe, nakujibu kwa adabu. Sisi tulioingia kidato cha kwanza mwaka 2024 ndio kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4. Mfumo huo ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na kazi za mikono, sanaa na sayansikimu, ili anayemaliza aweze kujitegemea. Baadaye masomo hayo yalipunguzwa, karatasi zikabaki. Wadogo zetu wa mtaala mpya wanaambiwa tena kuhusu umilisi na kazi za mikono. Sisi tulio katikati tumebaki bila hili wala lile. Mkoba wangu ulinipatia jometri, fizikia na kidogo cha biashara kwa wikendi mbili. Alama zangu za hisabati sitakudanganya kuwa zilipaa, lakini neno "kipimo" sasa ninalielewa kwa vidole.

Basi tufanye nini? Mimi naleta mapendekezo matatu tu, nayo hayahitaji harambee.

La kwanza, shule itufungulie cherehani za stoo kila Jumamosi kwa saa mbili. Ziko tatu, za kukanyaga kwa mguu, hazili umeme. Nimezichungulia dirishani: zinahitaji mafuta, mikanda na mtu wa kuzipenda. Walio na ufunguo wasihofu kuwa tutaziharibu. Cherehani huharibika zaidi kwa kutotumika.

La pili, sisi wa kutwa tuwe na siku moja kila muhula ya kukaguana baiskeli: breki, cheni, na namna kila mtu anavyobeba mzigo. Atakayepatikana ametundika begi kwenye usukani asiadhibiwe, ashonewe. Tena ashone pamoja nasi, sindano mkononi. Tukifanya hivyo, sitasikia tena kuwa mtoto wa mtu amerushwa kwenye lami kwa sababu ya mkanda.

La tatu, na hili ni letu sisi Chama cha Kiswahili. Tuandike mwongozo mfupi wa kushona mkoba huu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwenye ukurasa mmoja, tuubandike ubaoni na kuupeleka shule za msingi za jirani. Tunalalamika kila mwaka kuwa Kiswahili hakitumiki katika ufundi. Nani atakitumia tusipokitumia? Mimi mwenyewe nilipata taabu kuandika makala haya. Nimetafuta jina la kila paipu na kila mshono, mengine nikayapata kwa mzee wa turubai wala si kwenye kamusi. Lugha iko kule kazini. Tuifuate huko.

Mdogo wangu mkono umepona. Umepinda kidogo ukiutazama vizuri, na kukiwa na baridi hulalamika. Yeye ndiye aliyechagua rangi ya uzi wa mkoba, nyekundu juu ya turubai la kijani, na hujisifu kwa wenzake kuwa mkoba ni wake, mimi ni dereva tu. Wiki iliyopita aliniuliza kama nitamfundisha kushona. Nilimwambia aanze kwa kutia uzi kwenye sindano. Alifaulu mara ya tatu, kwa mkono ule ule wa kushoto.

Kwa hayo machache, natua kalamu na kushika sindano. Yule aliyeita mkoba wangu tandiko la punda nina habari zake: juzi alikuja kimyakimya kuniomba kipande cha turubai. Nimempa. Sharti langu ni lile lile la mzee: urudi na kipimo, usije na maneno.

Wasalaam.